Kinundu Shingoni: Kabla Hujalipia Ultrasaundi ya Viputo

Ukiambiwa una kinundu kwenye tezi ya thairoidi, neno linalobaki kichwani ni moja tu, saratani, na kila linalosemwa baada ya hapo hulisikii vizuri. Wengi hutoka kwa daktari na karatasi wasiyoielewa. Mtu akiwaambia kwamba kuna kipimo kipya kinachoona ndani ya kinundu bila kuchoma shingo, wako tayari kukopa ili wakilipie. Kipimo hicho kipo kweli. Ni ultrasaundi inayofanywa baada ya kuchomwa mkononi dawa ya kontrasti iliyotengenezwa kwa viputo vidogo mno vya gesi. Ninakithamini kipimo hiki, na hapa nitaeleza kinavyofanya kazi na pale kinapomfaa mgonjwa. Lakini usikilipie kabla daktari hajakujibu swali hili: kikionyesha hivi tutafanya nini, na kikionyesha vile tutafanya nini? Kama jibu ni lilelile pande zote mbili, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Kwanza utulie. Thairoidi ni tezi iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, yenye pande mbili zilizounganishwa katikati. Vinundu ndani yake ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kupapasa shingo tu, madaktari hukuta kinundu kwa watu wazima 4 hadi 7 katika kila 100. Kwa ultrasaundi idadi hupanda mno: tafiti zimekuta kati ya 19 na 68 katika kila 100, zaidi kwa wanawake na kwa wenye umri mkubwa. Kati ya vinundu vinavyochunguzwa, takriban 7 hadi 15 katika kila 100 ndivyo vinavyokuwa saratani, na sehemu kubwa ya saratani hizo ni ya aina ya papilari, ambayo kwa wagonjwa wengi hutibika vizuri. Maana yake ni kwamba aliyeambiwa leo ana kinundu, uwezekano mkubwa ni kuwa hana saratani.

Zipo dalili zisizosubiri. Kinundu kinachokua haraka ndani ya wiki au miezi michache, kilicho kigumu na kimeng'ang'ania, sauti iliyokwaruza bila mafua na haitaki kurudi, shida ya kumeza au kupumua, matezi yaliyovimba pembeni mwa shingo, mtu aliyepigwa mionzi ya tiba kichwani au shingoni alipokuwa mtoto, au familia yenye historia ya saratani ya thairoidi. Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali ya rufaa mapema, wala usianze kwa kutafuta kipimo cha kisasa. Mtoto mwenye kinundu naye asisubirishwe.

Kwa wengine wote, hatua ya kwanza ni damu, yaani kupima homoni ya TSH. Ikiwa imeshuka, huenda kinundu chenyewe kinazalisha homoni kupita kiasi, na kinachofuata ni skani ya nyuklia inayoonyesha kama kinundu kinafyonza dawa ya mionzi. Kinundu kinachofyonza sana ni nadra mno kuwa saratani, na mara nyingi mgonjwa huyo hahitaji kuchomwa sindano shingoni. Jambo moja dogo linalovuruga kipimo hiki: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini. Baadhi ya mashine za maabara hutoa majibu yasiyo sahihi mgonjwa akiwa amevimeza. Viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na umwambie mtoa huduma kuwa ulikuwa unavitumia.

Kisha inakuja ultrasaundi ya kawaida, na hapa nataka nikae, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Ripoti nyingi mno husema tu "tezi imevimba, ina vinundu vingi, ushauri: mwone daktari." Ripoti ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote kuamua. Ripoti nzuri inakupa ukubwa wa kinundu kwa vipimo vitatu, urefu, upana na kina. Inasema kiko upande gani na sehemu ipi ya tezi. Inaeleza kama ndani ni maji, ni nyama, au ni mchanganyiko. Kama ni cheusi zaidi au cheupe zaidi kuliko tezi inayokizunguka. Kama kimesimama, yaani kina chake kinazidi upana wake. Kama kingo zake ni laini au zimechongokachongoka. Na kama kuna vidoa vidogo vyeupe ndani. Mwisho inaeleza hali ya matezi ya limfu shingoni. Kila sifa hupewa alama, na jumla ya alama huweka kinundu katika daraja.

Mfumo unaotumika sana ni ule wa chuo cha madaktari wa radiolojia wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017 na unaojulikana kama ACR TI-RADS, wenye madaraja matano. Daraja la 1 na la 2 hayachomwi sindano. La 3 huchomwa kinundu kikifika sentimita 2.5, la 4 kikifika 1.5, la 5 kikifika 1. Wenzao wa Ulaya wana mfumo unaofanana na huo wenye viwango tofauti kidogo, na China walitoa wao mwaka 2020. Kwa hiyo ukiona karatasi imeandikwa TI-RADS 4, uliza ni mfumo wa nani, maana 4 ya huku huenda isiwe 4 ya kule. Na kama ripoti yako haina daraja kabisa, fedha uliyokuwa uiweke kwenye kontrasti ilipie ultrasaundi ya kawaida irudiwe na mtu mzoefu wa shingo. Huo ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote katika makala haya. Viputo havirekebishi picha ya msingi iliyochukuliwa kwa haraka.

Sasa viputo vyenyewe. Dawa inayotumika zaidi ni gesi ya salfa heksafloridi iliyofungwa katika utando mwembamba wa mafuta. Ulaya inaitwa SonoVue, Marekani Lumason. Kila kiputo kina wastani wa maikromita 2.5, wakati chembe nyekundu ya damu ina 7 hadi 8, kwa hiyo kinapita kila mahali damu inapopita, hata kwenye mishipa midogo kabisa. Mawimbi ya sauti yanapokigonga, kiputo hutetemeka na kurudisha mwangwi wa namna yake, na mashine yenye programu ya kontrasti huutenga mwangwi huo na ule wa nyama. Nguvu ya sauti hupunguzwa makusudi ili viputo visipasuke. Baada ya dakika chache gesi hutoka kwa pumzi kupitia mapafu, na figo hazibebeshwi kazi.

Kuna faida hapa inayowahusu wagonjwa wa thairoidi hasa, na sioni ikielezwa vya kutosha. Kontrasti ya CT-skani ina madini joto kwa wingi, na thairoidi hula madini joto. Mgonjwa aliyechomwa dawa hiyo tezi yake hushiba, na kwa wiki kadhaa skani ya nyuklia au tiba ya madini joto yenye mionzi haiwezi kufanyika vizuri. Kwa kawaida husubiri mwezi mmoja hadi miwili. Viputo havina madini joto hata chembe. Kwa hiyo kama mtu amekuandikia CT-skani yenye kontrasti kwa ajili ya kinundu kidogo cha shingo, uliza kwanza kama daktari wa thairoidi ameshauriwa. Wakati mwingine CT inahitajika kweli, kwa mfano rovu likishuka nyuma ya mfupa wa kifua au saratani ikishukiwa kuingia kwenye koo. Kuuliza hakumvunjii mtu heshima.

Kinachoonekana kwenye skrini ni damu inavyoingia na kutoka. Ndani ya nusu dakika tangu dawa iingie mkononi, tezi nzima hung'aa, na msomaji wa picha hulinganisha kinundu na tezi inayokizunguka. Kinundu kisichong'aa kabisa hakina damu inayopita, na hicho kwa kawaida si hatari. Kinundu kinachong'aa sawasawa, au chenye pete kamili ya mng'ao pembezoni, mara nyingi ni salama. Kinachong'aa kidogo kuliko jirani zake, kwa madoamadoa, kikichelewa kujaa na kuwahi kufifia, kinatia shaka. Nimeandika "mara nyingi" kwa kukusudia. Tafiti, ambazo nyingi zimefanyika China, zimekuta kuwa njia hii hutofautisha vizuri saratani na visivyo saratani. Lakini nyingi zilihusisha wagonjwa waliokuwa tayari wamepangiwa upasuaji au sindano, katika hospitali kubwa, na wasomaji wa picha waliobobea. Matokeo ya chumba kile hayahami yenyewe kuja chumba kingine.

Ndiyo sababu miongozo ni ya tahadhari. Mfumo wa ACR niliotaja hautoi hata alama moja kwa kontrasti. Marekani dawa yenyewe iliidhinishwa mwaka 2014 kwa picha za moyo na mwaka 2016 kwa ini. Kuitumia kwenye thairoidi ni uamuzi wa daktari nje ya idhini hiyo. Hili halimaanishi ni kosa, maana dawa nyingi hutumika hivyo. Linamaanisha kwamba una haki ya kuambiwa.

Ni wapi basi kinakufaa? Mahali pa kwanza, na ninapopaamini zaidi, ni kwenye kinundu kilichosinyaa. Kinundu kilichokuwa na maji kinaweza kunyauka chenyewe, au baada ya kunyonywa kwa sindano, kikabaki kovu dogo jeusi, lililosimama, lenye vidoa vyeupe. Kwenye ultrasaundi ya kawaida kovu hilo linafanana mno na saratani na linaweza kupewa daraja la 5. Ukiingiza viputo, hakuna kinachong'aa, kwa kuwa hakuna damu. Mgonjwa mwenye ripoti ya miaka iliyopita inayoonyesha kinundu cha maji mahali palepale, na leo viputo haviingii, anaweza kuepushwa sindano na pengine upasuaji. Hapo jibu la swali langu linabadilika kweli: kikinyamaza tunafuatilia, kiking'aa tunachoma.

Mahali pa pili ni kinundu kikubwa chenye mchanganyiko wa maji, damu iliyoganda na nyama, ambacho kimeshachomwa sindano na majibu yakarudi kwamba seli hazikutosha. Viputo huonyesha kipande kilicho hai, na sindano ya pili inalengwa hapo. Mahali pa tatu ni baada ya tiba ya kuunguza kinundu kwa mawimbi ya redio, leza au maikrowevu. Kabla mgonjwa hajaondoka, daktari huingiza viputo kuona kama kuna sehemu iliyobaki na damu, aiunguze palepale. Katika kazi hii kontrasti ina nafasi yake bila ubishi mkubwa. Anayekwenda India au kwingineko kwa tiba hiyo aulize kama uhakiki huu umo kwenye gharama aliyopewa.

Na wapi kinadanganya? Saratani ndogo za papilari nyingine hung'aa sawa na tezi. Lakini tatizo kubwa ni vinundu vya folikula. Uvimbe wa folikula usio saratani na ulio saratani hufanana kwenye ultrasaundi ya kawaida, hufanana mno kwenye viputo, na hufanana hata kwenye seli zilizovutwa kwa sindano. Kinachotofautisha ni kama uvimbe umetoboa ganda lake au kuingia kwenye mishipa ya damu, na hilo huonekana pale uvimbe wote unapotolewa na kukatwa maabara. Hili linatugusa kwa namna ya pekee. Katika maeneo yenye upungufu wa madini joto, sehemu ya saratani za thairoidi zinazotokana na folikula huwa kubwa kuliko kwenye maeneo yenye madini joto ya kutosha, na nyanda za juu za nchi zetu, kama Mbeya, Iringa na Rukwa, zimejulikana kwa rovu kwa miaka mingi, tangu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mtu aliyekulia huko, mwenye rovu la tangu ujana na kinundu kimoja ndani yake kilichoanza kukua juzi, asifarijiwe kwa picha ya viputo iliyong'aa vizuri.

Nije kwenye sindano, maana hofu ya sindano ndiyo inayouza kipimo hiki kwa watu wasiokihitaji. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huamka na kusambaa. Naielewa hofu hiyo. Watu wameona jamaa aliyechomwa sindano akafariki miezi michache baadaye, na hawakuambiwa kwamba alifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatembea. Sindano ya kinundu cha thairoidi ni nyembamba, aghalabu kuliko ile ya kutolea damu mkononi. Inaongozwa na ultrasaundi na kazi yake huisha kwa dakika chache. Kusambaza saratani kwa njia ya sindano hii ni tukio la nadra mno. Kinachobaki kwa wengi ni maumivu kidogo na pengine alama ya bluu shingoni kwa siku kadhaa. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, lakini usiziache bila idhini ya aliyekuandikia.

Seli zilizovutwa husomwa kwa mfumo wa Bethesda, wenye makundi sita, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2023. Kundi la I ni seli hazikutosha. Kundi la II ni salama, na hatari ya saratani hapo ni wastani wa asilimia 4. La III ni asilimia 22, la IV asilimia 30, la V asilimia 74 na la VI asilimia 97. Hakuna picha ya viputo inayokupa jibu lenye uzito wa kundi la II au la VI. Kinundu chako kikiwa na daraja na ukubwa unaostahili sindano, viputo haviwezi kuchukua nafasi yake. Yule anayekuambia vinaweza anakuuzia kipimo.

Ikiamuliwa kwamba utafanyiwa, maandalizi ni mepesi. Kwa shingo hakuna haja ya kufunga kula. Vaa nguo yenye kola wazi, acha mikufu nyumbani, na dada au mama anayevaa hijabu anaweza kuomba chumba chenye faragha na mhudumu wa kike. Utalala chali, mto mdogo chini ya mabega, shingo imenyooshwa. Utawekewa kanula mkononi, dawa ya mililita chache itaingia ikifuatwa na maji ya chumvi. Kwa dakika mbili au tatu usimeze mate wala kuongea, kwa sababu tezi hupanda na kushuka unapomeza na kinundu kidogo hupotea kwenye skrini. Kazi yote hurekodiwa kwa video. Omba nakala ya video hiyo kwenye flashi, siyo picha mbili zilizochapishwa, kwa sababu daktari wa pili hawezi kusoma mwendo wa damu kwenye karatasi.

Kuhusu usalama, rekodi yake ni nzuri. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 ulikusanya vipimo vya tumbo zaidi ya 23,000 vilivyotumia dawa hii, na athari kali zilitokea kwa wagonjwa wawili, wala hakuna aliyefariki. Hata hivyo mzio mkali unaweza kutokea, kwa hiyo chumba kiwe na dawa za dharura na ubaki hapo nusu saa. Sema kama uliwahi kupata mzio wa kontrasti yoyote au wa dawa zenye polietilini glaikoli, kama una ugonjwa mkali wa moyo au shinikizo kubwa la damu kwenye mapafu, au kama una ujauzito. Kinundu kwa mjamzito kwa kawaida kinaweza kuangaliwa kwa ultrasaundi ya kawaida, viputo vikaachwa.

Niongeze onyo kwa wale wanaopimwa shingo kwa sababu tu kifurushi cha uchunguzi wa afya kinayo. Korea Kusini ilipitia hili. Ultrasaundi ya shingo ilipoenea kwa watu wasio na dalili, idadi ya waliogundulika na saratani ya thairoidi mwaka 2011 ilifika mara 15 ya ile ya mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Maelfu walitolewa tezi kwa saratani ambazo zisingewadhuru, na waliotolewa tezi yote hula vidonge vya homoni maisha yao yote. Wengine walibaki na sauti iliyoharibika au upungufu wa kalsiamu. Huko Kobe, Japani, hospitali ya Kuma ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia bila kuwapasua wagonjwa wenye saratani ndogo za papilari zisizozidi sentimita 1. Katika wagonjwa 1,235 waliofuatiliwa, baada ya miaka kumi takriban 8 katika kila 100 ndio uvimbe wao ulikua, na hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo. Kwa hiyo hata neno saratani kwenye ripoti si amri ya kupasuliwa kesho asubuhi.

Kwa aliyeambiwa afuatilie tu, ufuatiliaji una ratiba. Katika mfumo wa ACR, kinundu cha daraja la 5 kisichofikia ukubwa wa kuchomwa huangaliwa kila mwaka hadi miaka mitano, cha daraja la 4 baada ya mwaka 1, 2, 3 na 5, cha daraja la 3 baada ya mwaka 1, 3 na 5. Kinahesabiwa kimekua kikiongezeka kwa asilimia 20 na angalau milimita 2 katika vipimo viwili kati ya vitatu, au ujazo wake ukiongezeka kwa asilimia 50. Tofauti ya milimita moja kati ya wapimaji wawili ni ya kawaida. Ikiwezekana rudi kwenye mashine ileile, na bahasha yenye ripoti zote za nyuma mpe mpimaji kabla hajapaka jeli, ili apime kinundu kilekile kilichopimwa mwaka jana.